Mama Mkwe, Jogoo na Kima Wanywa Ulanzi

Nimechoka. Kila anayeleta suruali kupunguzwa kiuno hapa dukani kwangu Makambako ananiuliza, "Fundi Mligo, eti kweli ulikwenda Ukinga kumtetea mama mkwe wako, ukarudi na habari za kima walevi?" Nikimsimulia huyu, anaingia mwingine, naanza upya. Wa tatu anakuja amekwisha kusikia kwa wa kwanza kwamba niliumwa na kima hadi nikalia. Sikuumwa. Kulia nililia, lakini kwa jambo jingine. Basi naiandika yote na kuitundika hapa ukutani karibu na cherehani. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, na mimi niachwe nishone.

Makambako: kesi ya kujitakia

Chanzo cha yote ni mapazia. Miaka ile vita ya Hitla ilipokwisha niliitwa Njombe kushona mapazia ya boma. Chumba cha kesi kilikuwa na madirisha mengi, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hakutaka kesi zisimame kwa ajili ya fundi cherehani, kwa hiyo nilipima na kushona pembeni huku watu wanashtakiana. Nilitoka pale nikiwa na maneno mdomoni: "shahidi wa kwanza", "naomba kuuliza swali", "hilo halihusiani na shauri letu". Tangu siku hizo nyumbani kwangu hakuna raha. Mke wangu Yudita akiuliza mbona nyama imepungua chunguni, namwambia alete shahidi.

Sifa zangu zilifika hadi kwao Ukinga, na najua ni nani aliyezifikisha, maana nilizituma mwenyewe.

Siku moja Saidi, dereva wa lori la kwenda Njombe, akaniletea ujumbe aliopewa na wachukuzi wa pareto waliotoka huko. Mama yake Yudita, mjane anayeishi peke yake ukingoni mwa msitu ng'ambo ya Bulongwa, ameshtakiwa kwa jumbe kwamba anaiba ulanzi wa watu. Akionekana na hatia, shamba lake la mianzi litachukuliwa apewe aliyeibiwa, na yeye atahamishwa kijijini. Baraza linakaribia. Aje yule mkwe wake mjuzi wa sheria.

Kwa ajili ya madereva wa pwani wanaosoma hapa ukutani, naeleza. Ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua zikianza, unakata ncha ya mwanzi na kuitundikia kipande cha mwanzi mnene kiitwacho mbeta, nao unadondosha humo usiku kucha. Asubuhi ni kinywaji cha watoto, jioni ni cha wakubwa, na kesho yake ni ugomvi. Kwa desturi ya kijiji kile, mpita njia mwenye kiu anaruhusiwa kunywa mbeta ya mtu yeyote, mradi anywe palepale, abakize, na airudishe ilipokuwa. Lakini kukausha mbeta ya mwenzio na kuitupa chini ni wizi, tena wa aibu kuliko kuiba mbuzi, kwa sababu umeiba kitu ambacho ungepewa.

"Utakwenda," Yudita akasema. Alikuwa amejifungua juzijuzi, mtoto yuko kifuani.

"Mke wangu, shauri hili lina ugumu wake."

"Ugumu gani?"

"Sheria inataka wakili azungumze na mteja wake. Mimi na mama yako tutazungumzaje?"

Kwetu Ubena, na kwao ni hivyohivyo, mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani wala hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Nina watoto na Yudita, lakini uso wa mama yake sikuwa nimeuona hata mara moja. Nilimjua kwa miguu tu. Mngenipangia miguu ya wanawake wa Ukinga wote, ningemtoa wake bila kukosea.

"Utajua mwenyewe," Yudita akasema. "Baba alipokufa mama hakubakiwa na kitu ila mianzi ile na jina lake. Ukirudi bila hivyo viwili, lala na cherehani yako."

Mtu haendi ukweni mikono mitupu. Nikanunua jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye dharau machoni, nikamfunga miguu, tukaondoka.

Makambako hadi Njombe: lori la Saidi

Saidi ni mtu wa Tanga ambaye hajaizoea baridi yetu na hataki kuizoea. Anaendesha amejifunga shuka juu ya koti na koti juu ya kanzu. Kwa heshima ya safari yangu akanikalisha mbele pamoja naye, jogoo nikampakata.

Mvua ilikuwa imeigeuza barabara uji. Tulikwama kabla sijamaliza kumweleza Saidi jinsi nitakavyoanza hotuba yangu. Watu waliokuwa nyuma juu ya magunia wakashuka kusukuma.

"Fundi, shuka nawe," Saidi akasema.

"Mimi nimevaa suti ya baraza."

"Basi vua suti, sukuma."

Nilishuka nikiwa nimeikunja suruali hadi magotini, nikasimama nyuma ya gurudumu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili hasimami. Gurudumu lilipozunguka nilipokea nusu ya barabara kifuani. Watu walicheka hata wakaacha kusukuma, na lori likarudi palepale shimoni. Jogoo alibaki kwenye kiti changu, mkavu, ananitazama kupitia kioo.

Kila lilipokwama Saidi alipiga honi, eti kuita msaada. Honi yenyewe ilikuwa mbovu kwa baridi. Ilianza kama inataka kulia, ikakatikia kooni, ikamalizia kwa kubweka. Ishikeni honi hiyo kichwani, nitaihitaji mbele.

Njombe tulifika na ukungu. Nilikula viazi vya moto na njegere kwa mama mmoja kando ya soko, na nikamweleza naye kesi yangu, bila kuniuliza.

"Kwa hiyo unakwenda kumsemea mama mkwe wako mbele za watu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na yeye atakuwepo?"

"Atakuwepo."

Aliniongezea kiazi kimoja bure. "Kula, baba," akasema. "Pole sana."

Njombe hadi Bulongwa: jogoo kanisani

Kutoka Njombe nilikwenda kwa miguu pamoja na wachukuzi wa Kikinga waliokuwa wanarudi kwao. Wale watu hawatembei, wanamwagika mlimani. Mimi, mtu wa kukaa kitako na kukanyaga pedeli, nilidhani miguu yangu ina mazoezi. Kumbe cherehani inafundisha nyayo tu, magoti haiyajui. Kwenye kila kilima wachukuzi walinisubiri juu wakiwa wamekwisha kuchoma viazi na kuvila, wakanibakizia maganda na maneno ya kunitia moyo.

Bulongwa nilifika Jumapili asubuhi, kengele inalia. Mimi ni Mlutheri, sikuweza kupita kanisa hivihivi kana kwamba sikusikia, hata na matope yale mwilini. Nikamwacha jogoo mlangoni, pale chini pamoja na vikapu vya watu, nikaingia na kuketi nyuma.

Mnajua lakini ni msimu gani watu huweka vikapu mlangoni mwa kanisa. Mimi nilijua pia, ila kichwa changu kilikuwa kwenye magoti. Ilikuwa siku ya sadaka ya mazao. Wimbo wa sadaka ulipoanza, mabinti walipita wamebeba viazi, mbaazi, kabichi, na mmoja amebeba jogoo mwekundu mwenye dharau machoni. Alipelekwa hadi madhabahuni. Aliombewa. Nilisema amina kwa mazoea, halafu ndipo nikashtuka.

Ibada ilipokwisha, mnada ukafanyika nje kama ilivyo desturi. Mzee wa kanisa akamwinua jogoo juu. "Nani alimtoa huyu? Mungu ambariki sana!"

Ningesema nini? Kwamba sikumtoa? Mbele ya kanisa zima, baada ya kuombewa? Nikainua mkono. Watu wakanipigia makofi.

"Na sasa nani atamnunua?"

Nikainua mkono uleule.

"Ndugu mgeni," mzee akasema polepole, "unamtoa, halafu unamnunua?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini usingetoa fedha tu?"

Fedha za kutosha sikuwa nazo. Nikaeleza kwamba mimi ni fundi. Wakaniletea mavazi ya kwaya yote yaliyochanika tangu kanisa lijengwe, nikakaa barazani na sindano hadi jua likapoa, kwaya imesimama karibu yangu inafanya mazoezi ya nyimbo za shukrani. Nilipomaliza wakanirudishia jogoo wangu. Ndiyo maana nasema yule ndiye jogoo pekee katika wilaya ile aliyepata kuombewa na kukombolewa.

Ukingoni mwa msitu: mkalimani anapatikana

Nyumba ya mama mkwe iko mahali ambapo mashamba yanaishia na msitu unaanza. Mbele ya nyumba kuna mianzi yake. Ng'ambo ya bonde dogo, msituni kabisa, kuna mianzi ya jirani yake Mzee Sanga, na huyo ndiye aliyeshtaki.

Nilipofika uani nikageukia ukuta, kama inavyopasa, nikakohoa. Miguu ninayoijua ikatoka ndani, ikasimama, ikageuka upande. Tukasimama mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida Yudita au mtoto wa jirani huwa kati yetu akibeba maneno huku na huku. Safari hii hapakuwa na mtu.

Nikamweka jogoo chini. Nikasikia sauti ya mama mkwe, si kwangu: "Wewe jogoo. Umetoka mbali. Yudita hajambo?"

Nilifikiri kidogo, kisha na mimi nikasema, "Jogoo, Yudita hajambo. Amejifungua mtoto wa kike salama."

"Jogoo, ashukuriwe Mungu. Umechoka?"

"Jogoo, magoti tu."

Basi tukapata mkalimani. Nawaambia, katika chumba cha kesi cha Njombe sikupata kuona mkalimani mwaminifu kuliko yule. Hakuongeza, hakupunguza, hakuomba chai.

Kwa njia yake nilisikia kesi yote. Mbeta za Mzee Sanga zinakutwa asubuhi zimekauka, zimetupwa chini. Za mama mkwe zimejaa. Hakuna mwingine anayeishi upande ule. Watu wamejumlisha wenyewe.

"Jogoo, mwulize mama nani anakunywa."

"Jogoo, nimekwisha kumwambia jumbe, akacheka. Ni kipunji."

Nilikaribia kucheka mimi pia, Mungu anisamehe. Kipunji ni mnyama wa hadithi. Bibi zao huko humtaja jioni watoto wanapokataa kulala: kima mwenye nywele zilizosimama, anakaa msitu wa juu, haonekani. Wawindaji wengine huapa kuwa wamemsikia, na wenzao huwauliza siku hiyo walikunywa nini. Na huo ndio utetezi nilioufuata kwa lori, kwa magoti na kwa sindano ya kwaya! Ni kama kwenda bomani kusema zimwi ndiye aliyekula mahindi.

"Jogoo," nikasema, "mwambie mama hilo halitasimama barazani bila shahidi."

"Jogoo, mwambie mgeni kesho alfajiri akaone. Shahidi atakuwa yeye."

Mianzini

Kabla ya mapambazuko niliingia kwenye mianzi ya Mzee Sanga, nikakaa chini ya kichaka cha upande wa bonde. Mama mkwe alikaa kichaka cha juu, tumepeana visogo, naye amemchukua jogoo kwapani ili tukihitaji kusemezana tusivunje desturi. Hata sasa nikikumbuka naona aibu. Mtu mzima, mwenye suti, amejificha mianzini na mama mkwe wake na kuku.

Baridi ya kule haingii mwilini, inahamia. Meno yangu yalianza kugonga. Juu ya kichwa changu mbeta ilikuwa imejaa, nami ni mpita njia mwenye haja, na desturi inaruhusu. Nikanywa kidogo, nikabakiza. Nikahamia ya pili nayo nikabakiza. Desturi haikutaja idadi.

Mwanga ulipoanza kupenya nikasikia majani juu yanasogea. Halafu honi ya Saidi. Nawaapia! Ile ile: ikaanza kulia, ikakatika kooni, ikamalizia kwa kubweka. Nikageuka kutafuta lori, msituni, mlimani, mahali ambapo hata baiskeli haifiki. Nikajiambia, Mligo, umelewa.

Ndipo wakashuka. Kwanza dume moja kubwa, manyoya marefu rangi ya kahawia kama blanketi la jeshi lililofuliwa sana, uso mweusi tii, na juu ya kichwa nywele zimesimama wima kama mtu aliyetoka kupewa habari mbaya. Mkia mrefu, ncha yake nyeupe. Si ngedere, si mbega. Ngedere ninawajua, wameniibia mahindi tangu utotoni. Dume likakaa kwenye mwanzi, likatia mkono ndani ya mbeta, likalamba vidole taratibu kama mzee anayeonja mboga. Kisha likaikumbatia mbeta kwa mikono miwili na kuimimina kinywani hadi tone la mwisho, likaiachia ikaanguka. Nyuma yake wakaja wengine, si wengi, na jike mmoja ana mtoto aliyemng'ang'ania kifuani. Yule jike alichovya vidole akampa mtoto anyonye.

Niliacha kusikia baridi. Walikuwa wazuri, na walikuwa wachache, na walikunywa kama watu walioalikwa.

Jike akageuza uso, akanitazama. Na hapo, kwapani mwa mama mkwe wangu, mkalimani akawika.

Honi zikalia pande zote, majani yakatikisika, na mara hapakuwa na kitu ila mbeta tupu chini na mimi katikati yake, kinywa kinanuka ulanzi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuondoka na jogoo, na ndivyo Mzee Sanga alivyonikuta peke yangu alipokuja kugema.

"Habari za asubuhi, wakili," akasema.

Baraza

Jumbe alikalisha watu kiwanjani mbele ya nyumba yake. Mama mkwe alikaa upande wa wanawake, amejifunika kitambaa hadi kwenye pua, jogoo amefungwa miguu kando yake. Mimi nilivaa suti, matope na yote.

Nilianza vizuri. Nilisema "waheshimiwa", nikasema "hilo halihusiani" kabla mtu hajasema lolote. Kisha nikawaeleza nilichokiona. Nilipofika kwenye nywele zilizosimama, wazee walianza kuinamisha vichwa. Nilipopiga ile sauti ya honi, kiwanja chote kikaanguka kwa kicheko, hata jumbe alifuta machozi.

Mzee Sanga akainuka. Si mtu mbaya, naomba mjue hivyo. Ni mtu aliyepoteza ulanzi wake wa msimu mzima. "Bwana Fundi, asubuhi ile ulikuwa umekunywa?"

"Kidogo."

"Ulanzi wa nani?"

"Wa... wako, mzee. Kwa desturi."

"Na mwizi wa ulanzi wangu ni kipunji?"

"Ndiye."

"Alikunywa yeye au ulikunywa wewe?"

Kicheko kikaniziba masikio. Nikajikumbusha boma la Njombe, nikapaza sauti: "Nina shahidi wa pili!"

"Nani?" jumbe akauliza.

Nikafungua kinywa, kikabaki wazi. Maana shahidi wa pili ni mama mkwe. Niseme nini? Kwamba alfajiri, kabla watu hawajaamka, nilikuwa mianzini pamoja na mama mkwe wangu? Wizi wa ulanzi ungeonekana sifa njema mbele ya jambo hilo. Nikatazama chini. Nikaona mianzi imekwenda, jina limekwenda, na mwanamke wa watu atatoka kijijini na kikapu kichwani kwa sababu mimi, mjuzi wa mapazia, nimeshindwa kusema.

"Hakuna shahidi," jumbe akasema, kwa huruma. "Basi..."

Nikaona miguu. Ile miguu ninayoijua ilitoka upande wa wanawake, ikapita katikati ya kiwanja, ikaja ikasimama mbele yangu, vidole vyake vikitazama vyangu. Haijapata kusimama hivyo. Nikaanza kugeuka.

"Usigeuke," akasema. "Mkwe wangu, nitazame."

Watu walishika vinywa. Kuna mama aliyepiga yowe dogo na kulikata. Niliinua kichwa. Alikuwa ameondoa kitambaa.

"Uliona nini mianzini?"

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya wakili tena, "niliona kima wenye nywele zilizosimama, ncha ya mkia nyeupe, wanakunywa. Jike ana mtoto."

"Alimpa mtoto kwa vidole."

"Kwa vidole, mama."

"Nami nilikuwepo kichaka cha juu, nikaona hayo hayo." Akamgeukia jumbe, machozi yanamtiririka lakini sauti haitetemeki. "Baba, nimemsemesha mkwe wangu mbele ya kijiji. Sina aibu nyingine iliyobaki ya kuficha. Sasa niambieni kwamba nadanganya kwa ajili ya ulanzi."

Hakuna aliyecheka. Wazee wakatazamana. Mzee Sanga alikuwa wa kwanza kuvua kofia. "Mwanamke hawezi kufanya hivi kwa uongo," akasema. "Nimekosa, mama. Nilikuita mwizi."

Jumbe akasema shauri limekwisha, shamba na jina ni vyake. Ila desturi iliyovunjwa lazima ishonwe, na kwa hilo hapana fundi. Mkwe na mama mkwe waliosemezana wale nyama ya mnyama mmoja mbele ya watu, ndipo aibu iondoke, na tangu siku hiyo wawe huru kusemezana. Akauliza kama kuna mnyama karibu.

Macho yote yakaenda kwa jogoo.

Basi hapo ndipo nilipolia, ninyi mnaosema niliumwa. Tulikula wawili, mimi paja na yeye kidari, na shingo akapewa Mzee Sanga. Nyama ilikuwa ngumu. Alikuwa ametembea sana.

Kurudi

Vijana walitaka kwenda na mbwa kuwamaliza kima siku ileile. Mama mkwe akakataa. Akamwambia Mzee Sanga wabadilishane: yeye achukue mianzi ya msituni, Sanga achukue ile ya mbele ya nyumba, iliyo bora zaidi. Wanywaji wawe wake, hasara iwe yake. Sanga alikubali upesi, kisha akaona haya kwa kukubali upesi, akamwongezea mbeta mpya.

Mama mkwe alinisindikiza hadi juu ya kilima. Tulitembea sambamba, hakuna aliyeingia majanini. Nikamwuliza kwa nini ametoa mianzi mizuri kwa ajili ya kima.

"Tangu baba yake Yudita afariki," akasema, "hakuna anayekuja kunywa kwangu. Mjane hapitiwi. Nagema, nakunywa mwenyewe, namwaga. Hao watakuja."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Ningemwambia nani?" akasema. "Kuku?"

Tulicheka wote wawili hadi tukakaa chini. Kisha nikaona kwamba yeye ameacha kucheka.

Njia ya kurudi siwasimulii. Ilikuwa matope yaleyale, na Bulongwa nilipita kwa mbali. Msiniombe niwaonyeshe kima. Ni wachache, na sitaki mtu yeyote mwenye bunduki, awe Mzungu au Mbena, akaulizie njia hapa dukani.

Nilipofika nyumbani Yudita alikuwa mlangoni, mtoto mkononi. Hakuuliza kesi. Aliuliza swali ambalo huniuliza kila nirudipo kutoka kwao, na siku zote humjibu, "Nimeambiwa hajambo."

"Mama yukoje?"

"Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto," nikasema. "Na akicheka hufumba jicho moja, kama wewe."

Yudita alinitazama. Akanipa mtoto, akaingia ndani, nikamsikia analia. Alipotoka alikuwa amekwisha kuanza kufunga mizigo.

Kwa hiyo wenye suruali hapa dukani njooni mzichukue kabla ya Jumamosi, maana tunakwenda Ukinga sisi sote, mtoto akaonwe na bibi yake. Saidi ameahidi kutupeleka mpaka Njombe. Safari hii sibebi jogoo.